Bawaba na Mashine ya Kunusa Chenji

Sebuleni kwa Bawaba palikuwa na milango mingi, na hakuna hata mmoja uliomfikisha mtu popote. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, mmoja juu ya mwenzake: ya mbao, ya bati, ya chuma, na mmoja wenye kioo cha maua ambao mwenyewe aliuita Bibi Harusi na hakutaka uguswe. Aliyetoka chumbani kwenda jikoni ilimbidi apite ubavu ubavu, avute tumbo ndani, kisha ainame chini ya mlango wa ghala uliolazwa juu ya makochi. Makochi yenyewe yalikuwapo, watu wa nyumba hiyo walikuwa na hakika, ila kwa muda mrefu walikuwa wameona miguu yake tu.

Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yake. Nyumba ikibomolewa, yeye yuko pale na mkokoteni, ananunua milango na madirisha kabla vumbi halijatua. Anaipiga randa, anaipaka rangi, anaiuza kwa wanaojenga. Jina la Bawaba alipewa na wateja kwa sababu alikuwa mrefu, mwembamba, na magoti yake yalilia kila alipogeuka. Hakuchukia. Alisema fundi seremala akilisikia tu jina hilo anajua aende kwa nani, na tangazo la bure halikataliwi na mwenye akili timamu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa imesukumwa na milango hatua kwa hatua, kutoka dirishani hadi katikati ya sebule, kutoka katikati hadi ukumbini, na sasa ilikaa mkabala na choo. Wateja walipimwa nguo huku mtu wa nyumbani akiomba njia na ndoo ya maji. Mama wa watu alivumilia. Lakini juma lile mteja wake mkubwa, mwalimu wa kwaya, alirudi nyuma kidogo ili ajitazame vizuri katika kioo cha Bibi Harusi, na mlango mmoja wa chuma ukaamua kulala. Haukumgusa. Ulipiga sakafu nyuma ya visigino vyake kwa kishindo, naye akatoa sauti ambayo wanakwaya wake wote kwa pamoja hawajawahi kuifikia. Aliondoka na gauni mwilini, pini zikiwa bado kiunoni, na hakurudi.

"Baba watoto," mkewe alisema jioni hiyo, akiwa amesimama kwa sababu hapakuwa na pa kukaa, "mimi nataka sebule yangu."

Bawaba aliitikia kama waitikiavyo waume, yaani alianza habari nyingine.

"Mama watoto, unajua lile soko la zamani limehamishwa? Leo nimeng'oa fremu za vibanda vya mwisho. Kila nguzo ikitoka, chini yake hela! Watu wameangusha chenji pale tangu baba yangu hajaoa. Ardhi ile imeshiba. Kinachotakiwa ni ditekta tu, ile mashine ya kunusa vyuma ardhini. Unapita nayo kama unafagia, ikilia unachimba."

"Unataka mashine ya kutafuta vilivyopotea?"

"Ndiyo."

"Anza na kochi langu."

Hata hivyo akiba ya nyumba ilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa shingoni mwa mkewe, kwa hiyo Bawaba hakuweza kuishia hapo. Walibishana wakila, wakabishana wakiosha vyombo, mpaka mkewe akaweka masharti.

"Tunakwenda dukani wote wawili. Vitu nafukia mimi, kwa mkono wangu. Ukiweza kuniambia hii hela, huu msumari, hiki kizibo cha soda, bila kukosea, tunanunua, na milango yako ikae hapa mpaka wajukuu waje wairithi. Sitafungua mdomo tena. Ukikosea hata mara moja, ditekta hakuna, milango inatoka yote, na cherehani yangu inarudi dirishani."

"Yote?"

"Na Bibi Harusi akiongoza."

Bawaba akampa mkono.

Kesho yake walitoka na beseni la plastiki lililojaa udongo wa soko la zamani, limefunikwa kitambaa safi. Bawaba alisema hanunui mashine iliyojaribiwa juu ya zulia la duka. Ijaribiwe juu ya udongo utakaoilisha. Jirani aliyekuwa akifagia uani aliwaona wakipita.

"Mmepika nini leo, jamani?"

"Udongo," akajibu Bawaba.

"Haya, mle vizuri."

Njiani alimkumbusha mkewe namna ya kuingia dukani, maana kununua kwake kulikuwa na utaratibu. Kwanza, kununa. Pili, kukisema vibaya kitu unachokitaka, tena kwa huruma, kama unamsikitikia muuzaji kwa kuuziwa kitu kibovu. Tatu, kuondoka. Unakwenda polepole mpaka mlangoni, na pale mlangoni ndipo bei inaposhuka. Kwa njia hiyo alikuwa amenunua milango ya nusu ya mji, na hakuna aliyewahi kumpiga. Jambo moja tu halikuwa na mjadala kwake: akishatamka bei mbele ya watu, harudi nyuma. Wauza mbao walimwamini kwa hilo, wakampa mzigo bila maneno mengi, na afadhali angekufa njaa kuliko kuipoteza imani hiyo.

Duka lenyewe liliuza pampu za maji, mizani, machekeche na ditekta za wachimba dhahabu. Mwenye duka alivaa shati lililopigwa pasi, tai nyekundu, na kandambili. Pembeni kwenye benchi alikaa babu mmoja aliyekumbatia pampu mbovu, akisubiri fundi, na kwa kuwa fundi hakuonekana, alikuwa tayari kwa burudani yoyote.

"Karibuni, karibuni. Mnatafuta dhahabu?"

"Tunatafuta chenji," alisema mke wa Bawaba, na mumewe akamkanyaga mguu.

Mwenye duka alishusha mashine inayong'aa kuliko zote. "Hii ndiyo baba lao. Ina akili. Msumari ikiupita, kimya. Haina muda na upuuzi. Lakini tazama." Alipitisha pete yake ya ndoa, mashine ikaimba *tiii*, nyembamba na tamu. Akapitisha sarafu ya shaba ya nchi za mbali aliyoihifadhi mahususi kwa kazi hiyo. *Tiii*. Akapitisha msumari. Kimya.

Moyo wa Bawaba uliruka. Kwa hiyo akanuna zaidi. "Mbona mpini wake kama wa ufagio? Maskini, na wewe wamekuuzia hivi hivi?"

Mkewe hakuwa na habari na mpini. Alitoa sarafu ya kawaida, ile anayopewa kila siku akinunua nyuzi, akaiweka juu ya udongo.

Kimya.

Mwenye duka akapitisha mashine tena, chini zaidi. Kimya. Akakohoa. "Mama, samahani, hiyo hela yako itakuwa feki. Mashine hii haidanganyi."

"Feki?" Babu aliiweka pampu chini. "Hebu jaribu yangu." Ikajaribiwa. Kimya. "Na hii?" Kimya. "Kwa hiyo mimi nyumba nzima ninalisha kwa hela feki, na wanaoniuzia wote ni vipofu?"

"Jaribu na za kwako, kaka," alisema mke wa Bawaba kwa upole. "Za kwenye droo."

Mwenye duka alifungua droo, akatwaa sarafu moja, akaipitisha. Kimya. Akatwaa nyingine. Kimya. Jasho likaanza kuilowesha tai.

"Lo," alisema babu. "Duka zima feki. Hata wewe sina uhakika nawe sasa."

Mke wa Bawaba alitumbukiza mkono mkobani kutafuta sarafu nyingine, na alipoutoa, kilichotoka ni sumaku yake ya kazini, ile anayookotea pini sakafuni, na sarafu zote za mkobani zikiwa zinaning'inia juu yake kama popo. Alizikung'uta. Hazikudondoka.

Wote wanne walizitazama.

"Ala!" babu akapiga paja. "Kumbe hela zetu ni chuma!"

"Chuma kilichovalishwa koti," alisema Bawaba. Mara ile alielewa, na alipoelewa alisahau kununa. "Walioitengeneza hii mashine, hela zao za shaba. Wakaifundisha idharau chuma. Sasa ikifika sokoni kwetu itapita juu ya chenji yote na kukaa kimya kama mkwe mgeni mezani!"

Mwenye duka aliirudisha ukutani, akaleta nyingine, ya bei nafuu. Hiyo haikudharau kitu. Ililia kwa sarafu, ikalia kwa msumari, ikalia vile vile kwa kizibo, ikalia kwa mkanda wa suruali wa Bawaba, na ilipogeuzwa ikailia pampu ya babu kwa uchungu kiasi kwamba babu aliivuta mapajani.

"Hii itanichimbisha mpaka upande wa pili wa dunia," alisema Bawaba. "Nyingine?"

Nyingine ilikuwa chini ya kaunta, imejaa vumbi. Wachimbaji hawakuipenda kwa sababu ilitaka subira. Ilikuwa na vitufe vya kupanga milio: unaiambia mwenyewe, kuanzia hapa mpaka hapa lia nene, kuanzia hapa kwenda juu lia nyembamba. Ilivyotoka kiwandani, sarafu na msumari vyote viliangukia upande wa sauti nene, *buuu*, kama ng'ombe wawili wa zizi moja. Bawaba alipiga goti, likalia, akaanza kuusogeza mpaka wa milio kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Akiuteremsha mno, hata msumari uliimba *tiii* kwa majivuno. Akiupandisha, sarafu zilirudi zizini.

Nje, fundi wa gereji alikuwa anagonga bodi la gari, na mle ndani sauti zilichanganyika. Mwenye duka akampa hedifoni, kubwa kama bakuli mbili. Bawaba alizivaa, na tangu hapo hakusikia tena kitu cha dunia hii isipokuwa mashine.

Muda si mrefu uso wake ulifunguka. Kulikuwa na upenyo mwembamba sana kati ya msumari na sarafu, na mpaka ukikaa papo hapo, msumari ulibaki *buuu* na sarafu ikapanda *tiii*. Tatizo likabaki kizibo cha soda. Nacho kiliimba *tiii*, ila mwishoni sauti ilipasuka kidogo: *tiii-kwa*. Mtu mwingine asingetofautisha. Lakini Bawaba alikuwa amefungua na kufunga milango maisha yake yote.

"Kizibo kinalia kama mlango uliolegea bawaba ya chini!" alimtangazia mkewe. Alidhani anasema. Alikuwa anapiga kelele mpaka vioo vya mizani vikatetemeka.

"Geukia ukuta," mkewe alimwonyesha kwa kidole.

Akageuka. Mkewe alikunja mikono ya gauni, akafukia, akachanganya, akafunika kwa kitambaa. Hakuwa mtu wa kuonea huruma. Sebule yake ilikuwa ndani ya beseni lile. Aliweka msumari karibu na sarafu. Aliweka kizibo juu kabisa, kikijipendekeza. Kisha akampiga mumewe bega.

Bawaba alianza kufagia hewani juu ya beseni. *Buuu.* "Msumari!" *Tiii.* "Hela!" *Tiii-kwa.* "Takataka hiyo, kizibo!" Kila alipotaja, mkewe alichimbua, babu akainama kuhakikisha, na kila mara ilikuwa kweli. Wapita njia wawili walisimama dirishani. Ikabaki kona moja tu ya beseni, na mkewe alikuwa ameweka hapo kitu ambacho hakikuwa katika makubaliano. Bawaba alipita, akasita, akarudi, akafumba macho. Sauti ilikuwa fupi, inayumba, si nene wala si nyembamba.

"Hii si hela!" alinguruma. "Si msumari wala si kizibo! Mama watoto, hiki ni kitu chako mwenyewe!"

Mkewe akachimbua zipu.

Babu alipiga makofi. Mwenye duka alipiga makofi. Mke wa Bawaba alikaa kwenye benchi taratibu, akaitazama zipu ile mkononi mwake, na mtu yeyote angeona kwamba anaiona cherehani yake ikibaki pale mkabala na choo mpaka atakapozeeka.

Bawaba alikuwa mbinguni. Lakini hata mbinguni hakusahau kazi. Alimsogelea mkewe, akaziba mdomo kwa kiganja ili mwenye duka asione midomo yake, na akiwa bado na bakuli mbili masikioni, akamnong'oneza. Akamnong'oneza kwa sauti iliyomfanya fundi wa gereji asimamishe nyundo.

"Nuna! Usicheke! Akijua tumeipenda tumekwisha! Mimi nitaisema vibaya, halafu nitajifanya naondoka, atanirudisha! Akikataa kushusha, usijali, nitatoa hicho hicho anachotaka, hata kama ni kumpa milango yote ya sebuleni!"

Kisha akavua hedifoni, akanuna, akamgeukia mwenye duka.

Duka zima lilikuwa kimya kama ile ditekta ya kwanza.

"Sasa rafiki yangu," alisema Bawaba kwa huruma, "hiki kikopo chako chenye vumbi, nani atakichukua?"

"Bei ni ile ile iliyobandikwa," alisema mwenye duka. Alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo Bawaba hakuipenda.

"Inalia vibaya."

"Ndiyo."

"Vitufe vimechakaa."

"Kabisa."

Bawaba aliona afike hatua ya tatu. Aliinuka, magoti yakalia, akaenda polepole mpaka mlangoni. Hakuna aliyemwita. Akasimama. Akainama afunge kamba za viatu, akakumbuka kwamba amevaa ndala. Akainuka tena.

"Karibu tena," alisema mwenye duka.

Babu alikuwa ameingiza uso ndani ya pampu, na pampu ilikuwa inacheka.

"Rudi, baba watoto," alisema mkewe. "Umenong'ona mpaka fundi wa gereji ameitikia 'sawa'."

Bawaba aliitazama hedifoni iliyokuwa mkononi mwake. Akamtazama mkewe. Masikio yalimwiva.

"Hiyo milango ya sebuleni," mwenye duka akauliza, akiegemea kaunta, "ikoje? Maana mimi nina vyumba vya kupangisha nimemaliza mpaka rangi. Nimetundika mapazia milangoni. Wapangaji wanakuja, wanapuliza pazia, wanaondoka."

Mke wa Bawaba alisimama. Tangu aolewe hajawahi kuitamkia milango ile neno jema, na sasa yote yalimtoka kwa mkupuo.

"Milango? Kaka yangu! Nimeishi nayo nyumba moja, haijawahi hata kukohoa. Mbao zake kavu, chuma chake kizito, bati lake halina kutu. Juzi mmoja ulianguka wenyewe, sakafu ikapasuka, mlango haukupata mkwaruzo!"

"Ngoja kwanza," alisema Bawaba. "Mimi nimeshinda. Makubaliano ni milango inakaa!"

"Umeshinda, na hakuna anayebisha. Mimi siitoi. Umeitoa wewe, kwa mdomo wako."

"Nilikuwa nanong'ona!"

"Mimi nilisikia 'milango yote'," alisema babu. "Na hawa wa dirishani wamesikia." Wa dirishani wakaitikia kwa vichwa.

Bei ilikuwa imetamkwa, tena mbele ya watu, tena kwa sauti ambayo mtu asingeweza kusema hakuisikia. Jioni habari ingekuwa kwa wauza mbao.

Mwenye duka alisema ya bati haihitaji, atachagua ya mbao tu na ile ya chuma. Mke wa Bawaba akamwambia hapo hapo kwamba milango ile imezoeana, inatoka yote au hautoki hata mmoja. Mwenye duka akasema basi mashine peke yake. Mke wa Bawaba akasema mashine, mfuko wake, betri za akiba, na kile kikoleo kidogo cha kuchimbia. Na gari la kuibeba milango alete yeye, leo hii, kabla jua halijazama. Mwenye duka akajikuna. Mke wa Bawaba akamshika mumewe mkono na kuanza kwenda mlangoni, na hawakufika hata nusu.

"Basi, mama, basi. Chukueni. Na hedifoni?"

"Hedifoni kaa nazo," alisema mke wa Bawaba.

Alasiri gari lilikuja. Mwenye duka mwenyewe alipanda nalo, tai ikiwa mfukoni. Ukatoka mlango wa ghala, makochi yakaonekana kuwa ya kijani, jambo lililozua ubishi kidogo ndani ya nyumba. Ikatoka ya chuma, ikatoka ya bati. Mwisho Bawaba alisimama mbele ya kioo cha maua, mikono ameitanua.

"Bibi Harusi haendi."

"Anaolewa leo," alisema mkewe. "Mpishe."

Gari lilipoondoka, sebule ilibaki na mwangwi. Bawaba alisimama katikati yake, ditekta begani, akigeuka huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Alikuwa amesahau kwamba nyumba yake ina dirisha upande ule.

"Mama watoto, hii sebule ilikuwa kubwa hivi?"

Mkewe alikuwa ameshaiburuta cherehani kutoka ukumbini, akaiweka dirishani, akafuta meza kwa kiganja. Akavuta kiti, akakaa, akatunga uzi kwenye sindano kwa mara moja tu, bila kufinya jicho.

"Sogea kidogo, baba watoto," alisema. "Unaniziba mwanga."